Yai Lililonunuliwa kwa Paa

Kanisa letu pale Kisauni lilikuwa la mabati, kuta na paa, na kwa kawaida lilinukia mabati yaliyopigwa na jua, vumbi la sakafuni, na mafuta ya nazi kwenye vichwa vya watoto waliosukwa Jumamosi. Lakini Jumapili moja kila mwaka, masika yakishapita na mahindi yakishakauka, lilinukia shamba. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, mihogo yenye udongo mwekundu wa Kaloleni ungali mbichi kwenye maganda, mchicha ulioanza kunyauka, kuku waliofungwa miguu na kulazwa mbele ya madhabahu, na chini ya harufu hizo zote ile nzito ya gunia. Hata sasa nikipita sokoni Kongowea asubuhi, malori yakishusha mizigo, pua yangu hunirudisha kwenye benchi ya watoto upande wa dirisha, nikiwa darasa la tano, nimenyoosha shingo nimwone baba yangu akiuza.

Hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Asiyeijua atauliza watu wa Kisauni walivuna nini, maana hatukuwa na mashamba. Tulikuwa watu wa nyumba za kupanga, chumba kimoja au viwili vinavyotazama ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya nguo. Washirika wengi walitoka Kaloleni, Rabai na Ganze kama wazazi wangu, wengine waliteremka kutoka Taita, na wengine walikuwa watu wa bara waliofuata kazi za bandari na viwanda. Kila mmoja alileta mavuno ya aina yake. Mwenye ndugu shambani alitumiwa debe la mahindi. Dobi alileta mche wa sabuni. Fundi Otieno, mchomelea vyuma aliyekuja pwani kutoka Kisumu, mwaka mmoja alileta jiko la makaa alilolitengeneza mwenyewe, zito kiasi kwamba wanaume walilibeba kama jeneza. Ibada ikiisha, vitu vyote vilinadiwa palepale, na kilichopatikana kikaenda kwenye kazi za kanisa. Na desturi ilikuwa kwamba aliyenunua kitu aliruhusiwa kukirudisha mbele kiuzwe tena. Nazi moja ingeweza kuzunguka kanisa zima, inunuliwe na mwalimu, irudishwe, inunuliwe na muuguzi, irudishwe, mpaka nyuzi zake zikaanza kuota upara mikononi mwa dalali. Hakuna aliyekuwa na haja na nazi. Watu walitaka kuendelea kutoa, na nazi iliwapa njia.

Dalali alikuwa baba yangu. Watu walimwita Baba Kadzo, kwa jina langu, nami nililivaa jina hilo siku ya mavuno kama gauni jipya. Siku nyingine zote kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa hoteli moja ya ufuoni, upande wa Nyali, kupokea wageni. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mshipi mwekundu kiunoni. Sauti yake ndiyo iliyompa kazi. Ilikuwa nene, haina haraka, na ilifika mbali bila yeye kupiga kelele. Alipokuwa akinadi, aliweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kidogo kuelekea benchi za nyuma, kana kwamba kuna bei inayotoka mbali sana na yeye peke yake ndiye anayeisikia. Watu walicheka kabla hajasema neno. Kisha angesema, "Naisikia, naisikia, inakuja na miguu, imefika daraja la Nyali," na mtu wa nyuma angeinua mkono kwa aibu, akijua ameshakamatwa.

Kisha ukaja mwaka ambao wageni waliacha kuja. Sababu zake zilizungumzwa na watu wazima redioni na barazani. Sisi watoto tuliyaona matokeo. Hoteli za ufuoni zilifunga milango moja baada ya nyingine, na ya baba ikafunga pia. Sikujua mpaka mwaka ule kwamba Kisauni yote ilikuwa imeegemea milango ile. Dobi alikosa mashuka ya kufua. Wauza samaki walirudi na beseni zimejaa. Mama Mghoi, fundi cherehani wetu kutoka Taita, ambaye alishona sare za wafanyakazi wa hoteli, alifunika cherehani yake kwa shuka, na ukimya wa mashine ile ulisikika ua mzima. Nyumbani maziwa yaliondoka kwenye chai, kisha sukari ikapungua, kisha mkate wa asubuhi ukawa muhogo wa kuchemsha, na mama akatuambia kwamba muhogo ndio uliomkuza yeye na meno yake tuyatazame. Tulitazama. Kwa kweli yalikuwa meno mazuri.

Njaa ile ndogondogo tuliizoea, lakini ukimya wa baba haukuzoeleka. Alitoka alfajiri kutafuta kibarua kwenye nyumba zinazojengwa Kiembeni, siku moja akapata, siku nyingine akakosa, na alipopata au alipokosa alirudi vilevile, akinawa na kukaa. Ile sauti aliiacha mahali. Aliongea kama mtu anayeongea hospitalini. Na Jumapili aliacha kwenda kanisani. Asubuhi tukijiandaa, yeye alichukua nyundo na kupigilia kiti ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Nilimsikia siku moja akimjibu mama, kwa hiyo sauti ya chini: "Nikakae pale nifanye nini? Sahani ya sadaka ikifika niipitishe kama moto?" Mama alimwachia chai yake chini ya kawa, akatushika mikono, tukaenda.

Masika yalipita, na siku ya mavuno ikaanza kukaribia. Kamati ilikutana uani kwetu jioni moja, kwa sababu mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na mimi nilikuwa naosha vyombo karibu vya kutosha kusikia kila neno. Mchungaji, kijana mwenye miwani aliyekuja kwetu mwaka uliotangulia, alisema huenda ingefaa sikukuu iahirishwe mpaka hali itengemae. Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Fundi Otieno akasema, "Hata mimi naona tuwache tu. Mtu ataleta nini, na nani atanunua? Tutatoleana macho pale mbele kama kondoo." Watu walicheka kidogo, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokubaliana.

Mama alikuwa akimenya mbaazi. Hakuacha kumenya. "Mchungaji, tukingoja tushibe ndipo tushukuru, huko kutakuwa ni kulipa," alisema. "Mimi sitaki kumlipa Mungu. Nataka kumshukuru. Na mwaka huu ndio watoto wangu watajua tofauti." Mchungaji akauliza kwa upole bei zitatoka wapi. Mama akainua mikono yake miwili, myeusi kwa maganda ya mbaazi, akawaonyesha. "Hii haikufungwa pamoja na hoteli. Mwenye kujua kushona atanunua kwa kushona. Mwenye kujua kusuka atanunua kwa kusuka. Kazi za kanisa ni nini, kama si kazi za watu wa kanisa?" Mama Mghoi ndiye aliyetangulia kusema, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba amechoka kuitazama ile mashine ikiwa imefunikwa kama maiti. Basi ikapita. Lilibaki swali moja tu, nani atanadi, na macho yote yakageukia pazia la mlango wetu, ambalo nyuma yake tulijua baba amekaa.

"Baba Kadzo, wasikia lakini," Mchungaji alisema.

"Nasikia, Mchungaji," pazia likajibu. "Tafuteni mwingine."

Wakampa kazi hiyo Fundi Otieno, ambaye alikuwa na moyo mkubwa na hakuwa na mzaha hata mmoja.

Siku ya mavuno mama alikuwa ameandaa vitu viwili. Kapu la makopa, ile mihogo mikavu aliyotumiwa na bibi yetu, na jogoo wetu mwekundu. Kapu lilikuwa limechakaa, na lilimsumbua mama. Jirani yetu Bi Mwanaisha, ambaye alikaanga viazi karai jioni nje ya lango la ua wetu, alimwona akilizungusha. Alikuwa mwanamke wa mji hasa, mtu mzima mwenye maneno mengi, Mwislamu aliyejua ratiba ya kanisa letu kuliko baadhi ya washirika. Akaingia chumbani mwake, akatoka na kanga mpya, rangi ya machungwa na zambarau, ambayo alikuwa ameinunua Idi iliyopita na hajaivaa. "Kapu halendi mbele za watu uchi," akasema. "Lifunike kwa hii, ukirudi utanipa." Mama akakataa, kama adabu inavyotaka, kisha akapokea, kama adabu inavyotaka. Lakini jogoo, alipoona kamba, alipita katikati ya miguu ya kaka yangu akatokomea nyuma ya vyoo. Kengele ilikuwa inalia. Baba akasema twende, atamkamata na kumleta mpaka mlangoni. Alisisitiza neno hilo. Mlangoni.

Tuliingia kwa kuimba, akina mama mbele na vikapu vichwani, kayamba zikichakacha, ngoma ikipigwa, na mtu wa nje angedhani tumeteremsha lori zima. Lakini vitu vilipowekwa chini mbele ya madhabahu, vilikuwa vichache. Nafasi kati ya kitu na kitu ilionekana. Mchungaji alihubiri juu ya mtu anayemwimbia Mungu huku zizi lake ni tupu, na ninakumbuka kwamba hakupaza sauti hata mara moja, alizungumza kama anayejikumbusha. Kisha Fundi Otieno akasimama kunadi.

Alianza na yai. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa, na lililetwa na Bibi Kache, mjane mzee kuliko wote kanisani, aliyeishi peke yake nyuma ya msikiti na aliyekuwa na kuku mmoja. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba yai lile lilikuwa chakula chake cha jioni. Otieno akaliinua. "Haya. Yai. Ni yai poa. Nani ako na bei?" Akangoja. Mama alikuwa amewaeleza watu tangu Jumapili iliyotangulia kwamba watanunua kwa kazi za mikono, na wote walikuwa wamekubali, lakini kukubali ukiwa umekaa ni jambo moja, na kuinuka mbele ya watu kusema huna senti ni jambo lingine. Wanaume walitazama viatu vyao. Mabati yalilia kwa joto. "Wasee, ni yai tu jameni," Otieno akasema, na jasho likamtiririka. Bibi Kache alikuwa ameketi benchi ya mbele. Nilimwona akishusha ushungi wake taratibu mpaka ukafunika macho, na mama yangu, aliyekuwa amesimama kando, akafumba midomo namna alivyoifumba siku hoteli ilipofungwa. Nilielewa, nikiwa mtoto, kwamba tukitoka hivi hatutarudi tena tukiwa watu walewale. Tutakuwa watu walioona aibu mbele ya yai la mjane.

"Hilo si yai!"

Sauti ilitoka mlangoni. Vichwa vyote viligeuka. Baba alikuwa amesimama kizingitini na shati la kazi lenye madoa ya saruji, viatu vya mpira miguuni, na jogoo mwekundu kwapani. "Fundi, ndugu yangu, unaliuza kama unauza msumari," alisema, akaanza kutembea kati ya benchi. "Yai hili limetoka mbali. Limepita chini ya paa linalovuja, kwa kuku anayelala na bibi yake chumba kimoja. Na tazameni," akamwinua jogoo juu, naye jogoo kwa bahati njema akawika, "hata baba yake amekuja kusikia bei ya mwanawe!"

Kanisa lililipuka. Nimesikia vicheko vingi maishani, lakini kile kilikuwa kama mvua inayoangukia mabati. Bibi Kache alitupa ushungi nyuma akacheka mpaka akashika mbavu. Otieno alikuwa ameshamkabidhi baba yai kabla hajafika mbele. Na baba, kiganja kimoja kina yai na kwapa lina jogoo, akangoja watu watulie, kisha akasema kwa ile sauti yake ya mlangoni, nene, haina haraka: "Bei ya kwanza naitoa mwenyewe. Mimi sina kazi, nyote mnajua, kwa hiyo nina muda, na mwenye muda mwaka huu ndiye tajiri. Nanunua yai hili kwa paa. Jiko la Bibi Kache nitaliezeka upya. Makuti nitayaomba kwa dada yangu Kaloleni, na kuezeka nilifundishwa na baba yangu. Nimelinunua. Sasa nalirudisha. Nani anaongeza?"

Akajaribu kuweka kiganja nyuma ya sikio, na jogoo akampiga bawa usoni.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Fundi Otieno mwenyewe alilinunua yai kwa bawaba na komeo la mlango wa jiko hilohilo la Bibi Kache, akalirudisha. Binti mmoja wa kwaya akalinunua kwa kusuka watoto wa mjane mwingine mpaka muhula ujao uishe, akalirudisha. Mwalimu akalinunua kwa kuwafundisha hesabu wanaokwenda mtihani, bila malipo, na watoto wa darasa la nane wakaguna, baba akawaambia, "Nyie ndio mmenunuliwa, nyamazeni." Mchungaji akasimama na kusema kwamba watu wamekatazwa kuuza mahubiri, kwa hiyo yeye atanunua kwa kuosha masufuria yote ya chakula cha pamoja siku ile. Hapo akina mama walipiga vigelegele mpaka watu wa msikitini, nadhani, wakajiuliza nani ameoa. Yai lilizunguka, likarudi, likazunguka. Mwishowe alilinunua mama yangu, kwa kazi gani sikusikia kwa sababu ya kelele, naye hakulirudisha mbele. Alilipeleka kwenye mapaja ya Bibi Kache, akamfunga vidole juu yake.

Katika moto huo ndipo baba alipofanya kosa ambalo liliendelea kusimuliwa Kisauni kwa miaka. Lilipofika kapu letu la makopa, alikuwa ameshika kasi kama gari lililo mteremkoni, akashika kila kilichokuwa karibu naye, akauza. "Kapu, na makopa yake, na nguo yake ya kifalme!" alinguruma. Mama alimwonyesha ishara. Baba alidhani mama anaongeza bei. Mama Mghoi akasimama na kusema kwa kapu lile atafunua cherehani yake, atie viraka na kugeuza kola za sare zote za shule za watoto wa ua wetu kabla shule hazijafunguliwa. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Limekwenda!" Na alipotoka kanisani, Mama Mghoi alikuwa amejitanda kanga ya Bi Mwanaisha, akitembea kama bibi harusi.

Baba alipoelezwa alichokiuza, alikaa chini. Jioni alikwenda kwa Bi Mwanaisha, ambaye alikuwa akikoroga unga wa viazi, nami nikamfuata nyuma kwa sababu kitu kama hicho huwezi kukikosa.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba. Mbona leo waniamkia kwa unyenyekevu hivyo, wataka kunikopa?"

"Nimekuja kusema kosa. Ile kanga yako nimeiuza."

Mwiko ukasimama. "Kanga yangu ya Idi? Umeiuza wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani!" Akaanza tena kukoroga. "Haya. Imekwenda kwa bei gani?"

Baba akamweleza habari ya sare. Bi Mwanaisha alikuwa akilea wajukuu wanne waliokwenda shule na kola zilizochanika. Akauliza kama ua wetu maana yake ni ua mzima au ni ua wa Wakristo tu. Baba akasema ua una lango moja. Bi Mwanaisha akaanza kutikisika mabega, na nilidhani analia mpaka kicheko kilipotoka. "Wallahi, Baba Kadzo, hata mimi mwenyewe nisingeiuza vizuri hivyo!" Kisha akamnyooshea mwiko. "Sasa sikiliza. Wewe mwenye kuuza hata visivyo vyako, kesho uje uniuzie na vyangu. Viazi vyangu vyalala hapa kila siku, na sauti umeikalia bure mwaka mzima."

Baba alidhani ni mzaha. Kesho yake alasiri Bi Mwanaisha alituma mjukuu kumwita, na baba akaenda, akasimama kando ya karai akiwa amevaa ile kanzu nyeupe ya hoteli na mshipi mwekundu, ambavyo hakuna aliyekuja kumdai. Akawapokea wateja wa viazi kama wageni walioshuka kwenye ndege. Wapita njia walisimama kusikiliza, na aliyesimama alinunua hata kama ni kimoja. Hatukutajirika. Lakini sukari ilirudi kwenye chai kabla ya Krismasi, na baada ya muda watu walianza kumwita baba awe mshereheshaji kwenye harusi zao, za Wakristo na za Waislamu, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mama Mghoi alikwenda kuirudisha kanga. Bi Mwanaisha akakataa kuigusa. "Si mwasema kwenu kilichonunuliwa chaweza kurudi kikauzwe tena? Basi irudishe huko," alisema. Ikarudi kanisani, na kila mwaka tangu hapo ikafunika kapu la kwanza la mavuno, ikanadiwa, ikarudishwa. Na kila mwaka siku hiyo Bi Mwanaisha alisimama langoni kuwaonya majirani: "Fungeni milango! Baba Kadzo aenda kanisani!"

Si ahadi zote zilitimizwa. Kuna mtu aliyenunua ndizi kwa kuchimba choo, akaondoka kwenda bara kabla hajachimba hata shimo la mti. Lakini karibu wote walilipa. Jumamosi zile nilikuwa nikitembea mitaani na kuona mavuno yetu yakiingia. Baba juu ya jiko la Bibi Kache, mdomo umejaa kamba za makuti, Bibi Kache chini akimwonyesha alipokosea. Cherehani ya Mama Mghoi ikilia tena. Binti wa kwaya kwenye ngazi, vichwa vya watoto vimepangwa mbele yake. Mchungaji alibaki na kazi ya kuosha masufuria, maana akina mama waliamua kwamba alikuwa na mkono mzuri, hawakumwachilia tena.

Sasa naishi Kiembeni, kwenye nyumba ambayo bomba lake ni letu peke yetu, na nafanya kazi ya ofisini. Kanisa la mabati lilibomolewa, na mahali pake pana kanisa la mawe lenye vigae, feni na vipaza sauti. Kwenye mavuno siku hizi wengi hatubebi kitu. Bei zinatumwa kwa simu, na ukutani kuna namba ya kutumia pesa. Hatukai tena ua mmoja, na sijui kola ya mtoto wa nani imechanika. Ugumu wa maisha umerudi, unga umepanda, na vijana wenye vyeti wanakaa vibarazani. Lakini ugumu wa sasa kila mtu anaubeba nyumbani kwake, mlango umefungwa. Sisemi zamani palikuwa na raha. Nakumbuka vizuri ladha ya muhogo wa kila siku. Nasema tu kwamba niliwaona watu wazima wakiwa hawana kitu na wakimcheka jogoo ndani ya nyumba ya Mungu, na tangu siku ile sijawahi kuogopa umaskini namna ninavyoona wenzangu wakiuogopa.

Mwaka huu nilikaa benchi ya katikati. Bibi Kache na Bi Mwanaisha wametangulia, kila mmoja kwa dua za kwao, na mazikoni kote tulikuwepo. Baba amezeeka, kipaza sauti kinambeba. Kanga ya machungwa na zambarau imepauka mpaka rangi zake zimeanza kufanana. Alinadi yai kwanza, kama anavyofanya kila mwaka. Simu zikaanza kulia huku na huku, bei zikiingia. Kisha nyuma kabisa akasimama kijana nisiyemjua, shati lake limepigwa pasi sana. Alisema amemaliza chuo, hana kazi, na hana kitu kwenye simu. Anajua kupaka rangi. Akauliza kama inaruhusiwa.

Wengi wa washirika wa sasa hawakuwapo mwaka ule. Baba akaweka kipaza sauti chini, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kidogo kuelekea benchi za nyuma, na ile sauti ikatoka bila kusaidiwa na chochote. "Bei imefika," alisema. "Nani anaongeza?"

Nikazima simu yangu, nikaitia mkobani, nikasimama.